Mboga za Njiani

Ganako, Karatu
Jumapili jioni

Mwanangu Naserian,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali ya aliye mbali. Wewe hata hujaenda. Umetoka hapa sasa hivi kwenda kanisani, wanakwaya wenzako wakakuombee, na khanga yangu mpya umejifunga bila kuomba. Nimekuona, nimekuachia. Hali yako naijua. Mimi mzima, ila mwandiko usiucheke. Elimu ya watu wazima ilinifundisha kuandika, haikunifundisha kuandika huku machozi yananisumbua.

Naandika kwa sababu kesho pale stendi sitasema lolote la maana. Unamjua mama yako, yeyo wako. Nitalia, halafu ili watu wasione nalia nitagombana na utingo juu ya mzigo wako, na basi litaondoka bado namkaripia mtoto wa watu. Heri niyaweke kwenye karatasi, niitie ndani ya begi lako, uisome ukiwa kwenye ndege ambako huwezi kunijibu. Wewe kwa kujibu hujambo.

Sitakuambia uvae sweta, wala usali, wala usile ovyo. Hayo jirani yetu Mama Boay amekuimbia tangu juzi mpaka nikakuonea huruma. Mimi nina mengine.

Kesho unaanza safari ya India kwenda kubadilishwa mlango wa moyo. Daktari alitueleza bila kuzungukazunguka: ukibaki, moyo huo hautakufikisha mbali; ukienda, huenda usiamke pale watakapokulaza kukupasua. Baba yako na mimi tulikataa karibu mwaka mzima. Unadhani ni daktari aliyetugeuza kwa maneno yake mazuri. Siye. Ni wewe, na namna ulivyotugeuza kuna kipande chake hujakisikia. Nitafika huko. Niache nianzie mbali, maana mwanamke wa kwetu haelezi habari ya ndama bila kumtaja mama wa ndama huyo.

Ulizaliwa juu, Ngorongoro, kwenye boma la wazazi wangu. Mimi Mmaasai niliyeolewa na Mwiraqw nilikuwa nimeshakubali mengi ya huku: kushika jembe, kula ugali bila maziwa, kukaa nyumba isiyohama. Lakini mtoto wa kwanza nilisema namzalia kwa mama, basi. Baba yako akakubali. Unajua alivyo, hasemi ndiyo wala hapana, anafungua tu zizi akaswage ng'ombe.

Ukiwa bado mchanga, umeshanyonya umeshiba, nilikuwa nakuwekea kiganja kifuani, hapa juu karibu na koo. Nikahisi kitu kinatetemeka ndani. Kinanguruma taratibu, kama paka anayeota moto. Nikamwita mama yangu, koko yako. Naye akaweka mkono, akafumba macho, akasikiliza kwa vidole. Akasema, "Huyu anaimba ndani."

Weee! Nilivyofurahi! Kuanzia siku ile kila mwanamke aliyeingia nyumbani na kibuyu cha maziwa sikumwacha aketi. "Njoo kwanza, weka mkono hapa, msikie mwanangu anavyoimba." Wanaweka mkono, wanashangaa, wanakutemea mate ya baraka. Nilijivuna mpaka shingo ikauma. Kumbe nilikuwa nautangaza ugonjwa wako boma hadi boma nikidhani natangaza kipaji.

Daktari alikuja kunieleza baadaye sana. Damu ikitoka kwenye moyo kwenda mwilini hupita mlango wenye vibao vitatu vinavyofunguka na kujifunga. Wako ulikuja na viwili tu, tena vimeshikana pembeni. Damu inajipenyeza kwa nguvu, na ule mngurumo ni damu inayolazimisha njia. Nilimuuliza kama nilikula kitu kibaya nikiwa na mimba. Nikamuuliza pia kama kuna mtu wa kulaumiwa, maana nilikuwa na jina moja tayari mdomoni. Akasema hakuna. Ndivyo ulivyofumwa tumboni. Yule niliyetaka kumlaumu hajui mpaka leo jinsi alivyoponea chupuchupu.

Ukaanza shule. Hapo wakakuita mvivu, na mimi nikakuita mvivu, tusifichane. Asubuhi watoto wote wanakimbia mchakamchaka kuzunguka uwanja, wewe unabaki nyuma, unachuchumaa, unajifanya unafunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe huna! Nilikuwa nakusema hapa jikoni: "Mtoto mwenye damu ya Kimaasai anashindwa kukimbia? Wajomba zako wanafukuza fisi usiku kucha!" Siku moja ukaanguka uwanjani, wakakumwagia maji, wakasema ni njaa. Nikaona aibu kuliko nilivyoona huruma. Nilikupikia uji mzito, nikakunywesha kwa hasira.

Sasa sikiliza ulichofanya, maana wewe umesahau na mimi siwezi kusahau. Ulimfuata mwalimu mwenyewe, bila kuniambia, ukamwambia, "Mwalimu, mimi kukimbia siwezi, ila nyimbo zote nazijua." Wiki iliyofuata nilikuwa naenda mashine kusaga mahindi, nikapita shuleni. Nikakuona umesimama kwenye mlingoti wa bendera, mdogo hivi, unaimbisha, na shule nzima inakuzunguka inakuitikia. Ukipunguza wimbo, wanapunguza mbio. Ukiuharakisha, wanahema. Na nina hakika wale waliokuwa wanakucheka uliwakimbiza mpaka wakatapika. Debe la mahindi lilikuwa kichwani kwangu, nikalisahau. Nilisimama pale nikicheka peke yangu mpaka watu wa mashine wakafunga.

Tuje kwenye meno. Hili tumelizungumza mara nyingi na ulishaniambia niache kujilaumu. Nimeacha. Lakini kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia, na ningependa ulijue kabla hujaenda.

Kwetu mtoto hung'olewa meno mawili ya mbele ya chini. Wewe unadhani nilikupeleka kwa sababu ya mila, au kwa sababu ulitaka kufanana na binamu zako. Nilikupeleka kwa woga. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, nilimbeba mgongoni mimi. Kabla hajang'olewa alichomwa na mwiba, akapata pepopunda, taya likajifunga. Meno yamebana, hakuna pa kupitisha kitu. Nilimwona mama yangu anamimina maziwa na yanamwagika shavuni, anamimina tena, yanamwagika. Kwetu lile pengo ni kwa ajili hiyo, mtoto akifungwa taya apate kunyweshwa. Tangu ulipozaliwa nilikuwa naliwaza shavu la mdogo wangu. Ulipofika umri sikungoja, nikakupandisha kwa koko yako. Bibi wa meno alifanya kwa kisu chake kidogo, na hukulia. Ulinishika kidole gumba ukakibana mpaka kikafa ganzi.

Hiyo ndiyo shida ya woga, mwanangu. Unakufanya ukimbilie kule alikotokea adui wa zamani, na huyu mpya anaingia kwa nyuma. Nimeishi na somo hilo na bado linanishinda. Mwaka huu limenishinda tena, utaona.

Tukarudi Ganako. Baada ya muda homa. Nikakupa klorokwini, ukapata nafuu, homa ikarudi. Unatoka jasho mpaka godoro linaloa, unakonda, na kwenye vidole vimeota vidoa vyekundu. Mama Boay akasema malaria sugu. Wengine wakasema mambo ambayo sitayaandika. Mwaka ule ulikuwa wa vita, malori mengi yalikuwa yamechukuliwa na jeshi, usafiri hakuna. Baba yako akakubeba mgongoni kama mtoto mchanga mpaka kwenye shamba kubwa la ngano, akawaomba wenye trekta. Tulikwenda hospitali ya misheni kwenye tela, tumekaa juu ya magunia, na wewe njiani unaniuliza ngano inaota siku ngapi.

Yule daktari kijana mrefu akaweka mkono kifuani pako. Akauacha hapo. Akaniuliza, "Mama, kifua hiki kinanguruma tangu lini?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu. "Tangu azaliwe, daktari. Anaimba."

Hakucheka. Alivuta kiti akakaa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana foleni ilikuwa imejaa mpaka nje na daktari mwenye foleni haketi. Akanieleza kwamba jino likitoka, vijidudu vya mdomoni huingia kwenye damu. Kwa mtoto mwingine hupita vikafa. Kwako vilikuta mlango mbovu vikajenga hapo, na sasa vinautafuna.

Sindano zile za penisilini, wiki hadi wiki, mchana na usiku. Mimi nilikuwa natoka nje nesi akija, nasimama ukutani naziba masikio. Siku moja sikuwahi kutoka. Nikakusikia unamwambia, "Leo nichome kushoto, dada, kulia kumechoka, kupumzike." Umri wa miaka kumi! Nesi mwenyewe akageuka akafuta macho. Midomo yako ilikuwa imepasuka kwa homa, haifunguki vizuri, na uji niliupitishia kwenye lile pengo, kijiko kwa kijiko. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Nimelifikiria miaka na sijui. Lilikuumiza na likakulisha.

Ukapona, ila mlango ukabaki umechanika, unavuja. Daktari akasema usiguswe jino tena bila kupewa dawa kwanza. Nami nikaweka nadhiri moyoni kwamba nikipanda kwetu nitamtukana yule bibi wa meno matusi ambayo hajawahi kuyasikia. Nilikuwa nimeshayapanga, yana mpangilio mzuri kabisa.

Tukapanda. Tukamkuta nje na kisu chake, na watoto wa boma wamepangwa mbele yake. Nikafungua mdomo. Wewe ukanitangulia. Ulikwenda ukapiga magoti, ukainamisha kichwa akakugusa kwa heshima, halafu ukamwita kama unavyomwita bibi yako, "Koko, nipe mkono wako." Ukauweka kifuani pako. "Umesikia?" Akasema amesikia. Ukamshika binamu yako mdogo ukamvuta. "Sasa weka kwa huyu. Unasikia?" Akasema, "Hapa kimya." Ukamwambia, "Penye kimya kuna nafuu, na kisu kichemshwe. Penye kunguruma, usiguse, waambie wampeleke kwa daktari. Mimi nilitaka kufa."

Yule bibi aliinuka, kisu akakiweka chini. Kisha akaenda kwa mtoto mmoja mmoja, kiganja kifuani, wote. Mpaka leo, mama yangu ananiambia, hang'oi jino la mtoto kabla hajaweka kiganja. Mimi na matusi yangu ningepata nini? Angenilaani tu, akaendelea. Nilikumeza kwa macho siku ile. Nikajiuliza, huyu nimemzaa mimi? Mimi mwenye mdomo huu?

Haya. Ukakua. Ukawa binti. Na sasa nafika pale nilipotaka kufika.

Huku kwa baba yako, kama kwetu, mwanamume hutangulia njiani, sisi tunafuata. Baba anakwenda mbele, mimi namfuata, na wewe siku zote ulikuwa wa mwisho. Tukifika nyumbani, baada ya muda nawe unaingia, na mkononi una fungu la mnavu, au mchicha, au mgagani. Kila mara. Ukitoka kisimani, mboga. Ukitoka kanisani na gauni la kwaya, mboga. Nilikuwa najisifu kwa Mama Boay: "Wako wanarudi na umbea, wangu harudi mikono mitupu." Naye akawa anawagombeza mabinti zake kwa ajili yako.

Kwa hiyo madaktari wa hospitali ya rufaa walipokupiga picha wakasema mlango umekwisha, ubadilishwe, baba yako aliona wanatania. "Mbona mzima?" akasema. "Anakwenda kisimani, anakwenda kanisani, anarudi na mboga. Moyo haufunguliwi. Ukifunguliwa mwenyewe ametoka." Na mimi nikasimama upande wake. Nusura nikupoteze mara moja kwa kutaka kukuokoa, nikasema safari hii simruhusu mtu mwenye kisu amkaribie mtoto wangu. Umeona? Woga uleule. Nilikuwa nakulinda na yule bibi wa meno, na yeye hayupo kwenye habari hii.

Daktari akasema hata ukishabadilishwa, dawa utameza kila siku maisha yako yote, na damu iwe inapimwa, na kuzaa kutakuwa na hatari. Baba yako akadakia, "Sasa nani atamwoa?" Ukamjibu polepole, "Baba, kwanza niwe hai. Hayo ya kuolewa tutayajadili tukinywa chai." Daktari akainamia karatasi zake kuficha kicheko. Baba yako hakucheka, lakini nilimwona masharubu yanacheza.

Alikataa hata hivyo. Nawe hukubishana. Ulikaa miezi, ukakaa, mpaka ile siku ya mnada.

Ulimwambia, "Baba, leo wewe tembea nyuma yangu."

"Nyuma yako? Watu watasema nini?"

"Watasema unanilinda."

Akaguna, akakubali. Nami nikaja nyuma yenu na kapu langu la maharage. Tukaanza kupanda kile kilima cha kabla ya barabara kuu. Hatua chache, ukainama ukachuma mnavu. Ukaenda kidogo, ukainama tena. Baba yako akaanza kuchoka. "Hizo zinatosha, tunachelewa." Ukasema, "Bado kidogo, baba." Ukainama tena. Safari hii akaona kwamba mkono hauchumi. Umeshika majani tu, umeyashikilia. Akazunguka akaja mbele yako, akachuchumaa akakutazama usoni, na midomo yako ilikuwa ya rangi ya majivu.

"Naserian. Unachuma mboga au unapumzika?"

"Napumzika, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka hospitali nikiwa mdogo. Nikisimama bure mnageuka, mnaogopa. Nikichuma mboga hamna neno."

Hapo ulikuwepo, unayajua. Unajua jinsi alivyokaa chini kwenye nyasi, kofia mkononi, na watu wa mnada wanapita wanamsalimia haitikii. Usilolijua ni la kesho yake.

Kesho yake alikuja jikoni akaniambia, "Njoo." Tukashika njia ya kisimani. Hakutangulia, tulikwenda sambamba, mimi sijawahi kutembea sambamba na mume wangu, nilikuwa hata sijui niweke wapi mkono. Akanionyesha kando ya njia. Unajua mnavu ukikatwa ncha unachipua pembeni, unanenepa. Basi pale mwanzo wa mteremko kichaka kimoja kimenenepa. Kidogo mbele, kingine. Kwenye mwinuko wa kurudi vimekaribiana zaidi. Sehemu nyingine kavu, mnavu mwembamba umejiotea wenyewe, na pale uliposimama wewe umefungana. Njia nzima imeandikwa. Na tulikuwa tunaipita kila siku.

Baba yako akasimama kwenye kile cha mwisho, karibu na nyumba, ambapo mimi nilikuwa nadhani umeshafika. Kinene kuliko vyote. Akasema, "Nimekula mboga hizi miaka yote." Kisha akaniuliza, "Na wewe ulijua?" Nikasema, "Nilijisifia." Tukalia pale, mwanangu, watu wazima wawili kando ya njia. Baba yako hulia bila sauti, sikujua. Alipomaliza alifuta uso na kofia akasema, "Mtoto ametembea mbali hivi peke yake. Sisi ni nani wa kumwambia asimame?" Mchana huohuo akapanda lori kwenda kumwambia daktari tumekubali. Kwa hiyo si maneno ya daktari.

Nimejisifia ugonjwa wako mara mbili, nikiwa na kichanga na nikiwa na binti. Nilipanga kukuandikia nikuombe radhi kwa hilo. Lakini nimeketi hapa nimeona si hivyo kabisa. Kilichonguruma kilikuwa ugonjwa, ila aliyesimama kwenye mlingoti akaimbisha shule alikuwa wewe. Kuishiwa pumzi kulikuwa ugonjwa, ila kuifanya familia ishibe kwa pumziko lako, nani mwingine angelifikiria? Nitaendelea kujisifu. Mama Boay atanikoma.

Jambo moja tu nitakuomba, nalo si la sweta. Wewe ni bingwa wa kuficha. Umetuficha sisi wenye macho, ndani ya nyumba moja. Kule wodini hakuna mnavu. Ukiumwa, sema naumwa. Ukiogopa, mwambie nesi naogopa, hata kama hamwelewani lugha, mshike mkono. Hakuna atakayegeuka kukushangaa, kazi yao ni hiyo. Usinionee huruma mimi ukiwa huko. Miaka yote hii ulikuwa unatulinda sisi tusiogope, na ulikuwa mtoto. Umeshamaliza zamu yako.

Sasa neno gumu. Juzi kwenye mashine Mama Boay aliniuliza, kwa upole, si kwa ubaya: "Na asiporudi, utasema nini?" Nilimjibu vibaya, nikamwambia aangalie unga wake. Nimemkosea na kesho nitamwomba radhi. Lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani, nami jibu ninalo sasa, na nataka uwe nalo mkononi siku watakayokulaza.

Usiporudi, nitalia mpaka ukoo uchoke kuja kunishika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sitajifanya hodari. Lakini sitasema ningelijua. Na mtu akisema "walimpeleka," nitamkatiza. Hatukukupeleka. Ulikwenda. Uliangalia pande zote mbili, ukachagua, na mimi na baba yako tulikupisha. Usiende na mzigo wa kufikiri kwamba ukilala usiamke utakuwa umetuvunjia neno. Huna deni kwetu. Lala tu.

Ila mimi nakutaka, Naserian. Niseme wazi, maana karatasi haioni haya. Nakutaka hapa. Nataka urudi na huo mlango wao mpya, twende mnada tena, tukipande kile kilima, na wewe uwe mbele. Mimi nitakuwa nimeshaota mvi, nitahema njiani, nitakuita kwa jina. Usigeuke. Usinisubiri, mwanangu. Panda.

Mimi,
Yeyo wako